Njia Panda ya Pili, Mlima Kijomu

Mlima Kijomu si mlima wa kumtisha mtu. Ukiutazama kutoka Mhezi unauona kama nundu ya ng'ombe iliyofunikwa na msitu, na wenyeji hujisifu kwamba mtu akibandika maharage jikoni anaweza kupanda hadi kileleni na kurudi kabla hayajaiva. Ndivyo walivyomwambia Sajini Isihaka, naye akawaamini, hadi ilipofika saa tatu asubuhi ya Alhamisi akajikuta amesimama peke yake katikati ya miiba, kiatu kimoja kimejaa tope, na mbele yake hakuna njia wala dalili ya njia.

Alikuwa amefuata alama nyeupe. Miaka mitatu nyuma watu wa msitu walipigilia vifuniko vya makopo, vilivyopakwa rangi nyeupe, kwenye miti ya kando ya njia ili mgeni asipotee. Vifuniko havikumaliza hata msimu mmoja. Wanawake wa kitongoji cha Mteko walivibandua, wakavitoboa kwa msumari, wakapata vikwaruzio vizuri vya mihogo. Ikaletwa chokaa, mawe yakapakwa, na masika ya mwaka ule yakaiosha. Kilichosalia ni doa hapa na doa pale. Isihaka alikuwa ameyafuata madoa manne kwa uaminifu mkubwa kabla hajagundua kwamba la nne lilikuwa kinyesi cha kunguru.

Aliporudi kwenye njia panda ya kwanza alimkuta Raheli ameketi juu ya jiwe, anasokota kamba ya mgomba.

“Nilikuona unakwenda,” Raheli akasema. “Nikasema huenda polisi mna njia zenu.”

“Mbona hukuniita?”

“Jana uliniambia nisiseme neno mpaka niulizwe, Bwana Sajini. Hujaniuliza.”

Ni kweli alimwambia hivyo. Isihaka alikuwa askari kanzu wa kituo cha Same, mzaliwa wa Korogwe, na kanuni yake moja ilikuwa kutosikiliza hadithi za mke wa mshtakiwa. Lakini watu wote wa Mteko waliokuwa na nafasi ya kumwongoza mlimani walikuwa mashahidi wa upande wa pili, na huyu mwanamke ndiye pekee aliyejitolea. Akavua kiatu, akamwaga tope, akamwambia atangulie.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku ya Jumapili, karani wa wapima ardhi aitwaye Asheri alipanda Kijomu kuangalia kama nguzo ya wapimaji iliyoko kileleni bado imesimama, kwa kuwa bwana wake Mzungu angekuja Jumanne na vyombo vya kupimia. Aliongozwa na Melkizedeki, mume wa Raheli. Jumatatu asubuhi Asheri aliokotwa chini ya genge, upande wa kushoto wa mlima, shingo imevunjika. Na wiki tatu kabla ya hapo, barazani, mbele ya watu wasiopungua arobaini, Melkizedeki alikuwa ameapa kwamba karani yeyote atakayepitisha mpaka wa msitu wa serikali katika shamba la baba yake atashuka Kijomu kwa kichwa.

Kwa kiapo kile na maiti ile, Bwana Inspekta hakuona sababu ya kuendelea kuuliza. Jalada lilikuwa tayari. Kesho, Ijumaa, saa tatu asubuhi, Melkizedeki angepandishwa gari moshi kwenda Moshi kujibu shtaka la kuua, na kule njia inayotoka ni moja tu, ya kamba. Isihaka aliomba siku moja. Akapewa kwa shingo upande.

Aliiomba kwa ajili ya sentensi moja. Katika maelezo yake, Melkizedeki alisema kwamba walipokaribia njia panda ya pili Asheri alikumbuka kuwa ameacha mkoba wa ngozi mahali walipopumzika, akamtuma aurudie, yeye akaendelea mbele peke yake kwa kuwa ni mtoto wa hapa na njia anaijua. Wakati huo wingu lilikuwa limeshashuka. Melkizedeki aliporudi na mkoba aliikuta njia ya kulia, iendayo kileleni, imefungwa kwa tawi. Basi akashika ya kushoto mbio, akiita, na ukingoni akaona kofia.

Lakini mchili Manase, yaani mkubwa wa kitongoji, pamoja na watu tisa waliopanda naye alfajiri ya Jumatatu, wingu lilipoinuka, kumtafuta Asheri, wote walisema njia ya kulia ilikuwa wazi. Hapakuwa na tawi. Walikuwa kumi, naye mmoja.

Isihaka alikuwa amewasikia waongo wengi katika miaka yake tisa ya kazi, na aliwajua kwa jambo moja: mwongo hutunga uongo unaomfaa. Melkizedeki angeweza kusema Asheri aliteleza, jambo rahisi, nani angembishia? Tawi la nini? Tawi halikumsaidia kitu. Likipatikana, basi mtu yule alisema kweli na kuna mwingine aliyekuwa mlimani. Lisipopatikana, kesho saa tatu.

Njia ilizidi kuwa kali. Mizizi ilikatiza kama ngazi iliyojengwa na mlevi, na kila hatua thelathini vijia vidogo vya mbuzi na vya wakata kuni vilichepuka huku na huku, vyote vinafanana. Raheli alipita pekupeku bila kutazama chini. Isihaka alihesabu vijia kumi na vinne ambavyo angevifuata kama angekuwa peke yake. Alipoona pumzi inamtosha kwa maneno, alimuuliza kufunga njia maana yake nini.

“Kwenu njia hamfungi?”

“Kwetu tunafunga milango.”

Raheli akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu Jumapili. Akamweleza akiwa anatembea. Mtu akitega mtego, au akiona mti unaotaka kuanguka, au nyuki waliochokozwa, hukata tawi lenye majani akalilaza katikati ya njia. Anayekuja nyuma akiliona haulizi sababu. Anageuka, au anatafuta njia nyingine. Mtu wa Mteko haruki tawi, hata akiwa amelewa pombe ya harusi mbili.

“Na Asheri? Amekaa na Wazungu miaka sita, Dodoma na Morogoro.”

“Asheri kazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Suruali ndefu haikumbadilisha miguu.”

Isihaka akasimama. Alimuuliza juu ya njia ya kushoto. Raheli akasema ilikuwa njia ya wakata majani tangu bibi zake, ilizunguka bega la mlima na kufika kileleni kwa nyuma. Juzi juzi, masika ya mwaka juzi, bega lote liliporomoka, njia ikakatika. Kila mtu Mteko anajua.

“Kila mtu aliyekuwapo Mteko mwaka juzi,” Isihaka akasema.

 Raheli alikuwa ameshaelewa kabla yake. Asheri aliijua njia ile kwa miguu ya utotoni. Alifika njia panda, wingu limemfunika, akakuta ya kulia imefungwa, akafanya ambacho mtu yeyote wa hapa angefanya: akashika ya kushoto kwa moyo mkunjufu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba njia yake imekufa.

Hayo yalikuwa maelezo mazuri, na maelezo mazuri bila tawi hayamzuii Bwana Inspekta kunywa chai yake. Walipofika njia panda ya pili, Isihaka alivua koti, akagawa kichaka kwa macho katika mafungu manne, akaanza kupekua fungu moja baada ya jingine, chini ya majani, ndani ya mashimo, hadi hatua ishirini kila upande. Alitafuta kwa muda wa saa nzima. Alipata kisigino cha kiatu cha zamani, ganda la konokono lenye ukubwa wa ngumi, na kifuniko kimoja cheupe ambacho wanawake hawakukifikia. Tawi hakuliona. Akainuka, magoti yamelowa, akafuta jasho.

“Sasa naweza kusema?” Raheli akauliza.

“Sema.”

“Unatafuta kilichotupwa.”

Alitembea hatua nane, akaupita mti mkubwa upande wa juu wa njia, akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya shina, limesimama wima, kitako chini na majani juu, limeegemezwa kwa uangalifu kama fimbo ya mzee nyuma ya mlango, lilikuwa tawi lenye urefu wa mtu. Majani yalikuwa yamesinyaa na kugeuka rangi ya kahawia. Isihaka alikuwa amelipita mara tatu akidhani ni mche uliokufa.

Raheli alisema kwamba tawi lililofunga njia halitupwi. Aliyefunga ndiye hurudi kufungua, akalisimamisha kando, apitaye ajue kwamba njia imefunguliwa na mwenyewe. Mtu mwingine haligusi. Kulitupa ni kulitupa neno la mwenzako.

“Usilishike,” Isihaka akamwambia.

Alichuchumaa. Kwanza alitaka kujua kama mwanamke huyu hakulileta mwenyewe, na hakuona haya kulichunguza hilo mbele yake. Kitako cha tawi kilikuwa kimerukiwa na matone ya tope hadi urefu wa kidole kimoja, tope lililokauka sasa, sawasawa na lile lililorukia shina la mti. Tope hurushwa na mvua kubwa. Mvua ya mwisho mlimani ilinyesha Jumatatu saa nne asubuhi, ikawalowesha wale waliokuwa wakiteremsha maiti; wote kumi waliitaja katika maelezo yao. Kwa hiyo tawi lilikuwa limeshasimama hapa kabla ya saa nne ya Jumatatu. Raheli usiku wa Jumapili alilala nje ya mlango wa ghala la mchili, ndani yake mumewe amefungwa, na Jumatatu alfajiri alifuatana naye kwenda Same. Isihaka mwenyewe alimwona kwenye ua wa kituo jioni ile, na kesho yake, na keshokutwa yake, ameshika bakuli la makande. Hakulisimamisha yeye.

Wala si Melkizedeki. Alikamatwa Jumapili saa tisa, dakika ile ile aliyoshuka kutoa habari. Kama angelisimamisha tawi yeye mwenyewe kabla ya kushuka, asingekuwa na sababu ya kuwaambia polisi kwamba lilikuwa limelala njiani.

Halafu akakitazama kitako chenyewe. Hakikukatwa kwa panga. Kilikuwa laini kama kifuniko cha sanduku, na kwenye gamba palikuwa na unga mdogo wa mbao uliogandamana. Msumeno. Majani yake yalikuwa yamechanika kama manyoya ya ndege, na upande wa chini yalikuwa na weupe wa fedha. Isihaka akainua macho, akautazama msitu wote uliomzunguka. Hakuona mti wenye majani ya namna ile.

“Mgrivea,” Raheli akasema bila kuulizwa. “Si mti wa mlimani. Mteko nzima ipo minne, nyumbani kwa Eliaichi, askari wa msitu. Aliletewa miche na serikali, akaijengea ua kuliko alivyowajengea wanawe.”

“Ana msumeno?”

“Wa serikali. Panga anatunyang'anya sisi.”

Akaeleza kwamba Eliaichi amelinda msitu huu miaka kumi na mmoja na hajawahi kumsamehe mtu kijiti. Dada yake Raheli alipelekwa barazani kwa fito sita za kusimikia maharage. Isihaka aliandika, lakini kichwani mwake kulikuwa na swali ambalo hakulipatia jibu: mtu anayetaka kufunga njia katikati ya msitu, miti imemzunguka kila upande, ana haja gani ya kubeba tawi kutoka nyumbani kwake, mwendo wa saa nzima wa mlima?

Alilifunga tawi kwa kamba ya mgomba ya Raheli, akaliacha palepale, akasema wapande hadi kileleni. Raheli akamkumbusha kuwa jua linakwenda. Akamjibu kwamba mtu hafungi njia bila kuwa na kitu mbele ya njia.

Kileleni palikuwa peupe, upepo unapiga, nguzo ya wapimaji imesimama salama. Mbele yao tambarare ya Same ililala kavu hadi upeo wa macho, na reli ikaonekana kama uzi. Isihaka hakuitazama. Akageukia nyuma, upande wa mashariki, ambako msitu ulishuka bondeni mzito na mweusi. Katikati ya weusi ule palikuwa na tundu. Ukilitazama kutoka kijijini hulioni, wala kutoka njiani. Kutoka kileleni halikufichika: uwazi mwekundu, shimo refu la kupasulia mbao na magogo yamelazwa juu yake, na kando yake mbao zimepangwa chungu mbili, chungu kubwa kuliko nyumba. Alihesabu visiki kumi na kimoja. Raheli akasema ile ni mikulo, mbao zake hunukia na haziliwi na mchwa, na kwamba sauti ya msumeno imesikika tangu vuli. Aliyeuliza aliambiwa ni kazi ya serikali.

“Nani aliyewaambia?”

“Yeye mwenyewe.”

Walishuka haraka. Saa saba na nusu walikuwa uani kwa mchili Manase, mzee mfupi, mpana, aliyevaa kofia ya kazi hata mezani. Isihaka alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaketi, akanywa maji. Hakumwambia alichokipata. Manase ndiye aliyesimama mbele ya Bwana Inspekta kusema hapakuwa na tawi, na hadi saa ile Isihaka alikuwa bado hajamtoa katika orodha yake. Alianza mbali. Aliuliza kama ni kweli kwamba huku watu hufunga njia, akajifanya hasadiki. Manase alichukizwa kidogo, kama mtu aliyeulizwa na mgeni kama kwao watu huoga. Akaeleza yote, neno kwa neno kama Raheli alivyosema, hata lile la kusimamisha tawi. Nani hulisimamisha? Aliyefunga. Mwingine je? Mwingine ana wazimu gani wa kuligusa?

“Na Jumatatu, mchili, mlikuwa watu kumi. Nani aliyetangulia?”

Manase alifikiri. Akasema alitangulia Eliaichi, kwa kuwa ndiye mwenye taa ya chemli na msitu ni wake. Tena aliwaambia wengine wasubiri kwenye kona iliyo chini ya njia panda ya pili, aende kwanza atazame kama kuna utelezi. Alikawia kiasi cha mtu kuvuta sigara, akawaita.

 Kisha mkono wa mzee ulipanda polepole hadi kwenye kofia, akaivua, akaiweka gotini.

“Sajini,” akasema, “umepata nini mlimani?”

Eliaichi walimkuta nyuma ya nyumba yake, anapalilia vitalu vya miche. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini, kaptula ya kaki imenyooshwa pasi, nyundo ya kupigia magogo muhuri imening'inia mkandani. Isihaka alimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha jembe. Watu wawili wa mchili walikuwa wamelileta tawi kutoka mlimani.  Isihaka alichukua tawi, akaenda kwenye migrivea minne iliyosimama ndani ya ua, akazunguka mti wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu, usawa wa kifua, palikuwa na kidonda kibichi kilichopakwa udongo. Alikikwangua kwa kisu, akakiweka kitako cha tawi juu yake, akakizungusha kidogo. Katikati ya kidonda palikuwa na tundu dogo la mdudu, jeusi, limekaa upande. Na tundu lile lile lilikuwa kwenye tawi. Vikakaa pamoja kama kikombe na kisahani chake.

Eliaichi alikuwa ameacha kupalilia. Aliketi juu ya ukingo wa kitalu, jembe mapajani.

“Ulilisimamisha wewe,” Isihaka akasema.

“Nililisimamisha.”

“Ungelitupa gengeni, nisingelipata hata kwa mwezi mzima.”

“Halitupwi,” Eliaichi akasema, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto.

Mengine aliyasema bila kusukumwa, na Isihaka akayaandika gotini. Wapasua mbao walitoka bondeni, kibali hawana. Yeye hakushika msumeno. Aligeuza uso tu, na akapiga muhuri. Mbao zilikuwa zichukuliwe Jumatatu, lakini baada ya kifo wachukuzi hawakuthubutu kuja. Jumamosi Asheri akaja kumwonyesha barua yake, akasema kesho anapanda kileleni. Eliaichi alimsihi angoje hadi Jumanne, akamwambia kuna wingu. Asheri akacheka, akasema wingu la Kijomu amelizoea tangu anyonyeshwe. Basi Jumapili kabla ya ibada alipanda na tawi lake akalilaza. Alitaka karani arudi, basi. Siku mbili zilimtosha.

“Ulitaka arudi,” Isihaka akasema.

“Arudi tu. Mungu ni shahidi.”

“Pale kuna njia mbili. Ulifunga nzima, ukaiacha wazi iliyokatika. Mtu anayetaka mwenzake arudi hufunga zote mbili.”

Eliaichi alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono misafi, kwa mtu wa shamba. 

“Nilikuwa na tawi moja,” akasema.

“Ulikuwa msituni, mzee. Miti imekuzunguka.”

“Ile ni ya serikali.” Akainua macho, na yalikuwa yameshangaa kwa dhati kwamba mtu wa serikali anauliza. “Haikatwi.”

Isihaka alishika kalamu bila kuandika. Aliitafuta dalili ya ujanja katika uso ule, hakuiona, na hilo lilimkera kuliko kama angeiona. Ilikuwa kazi ya hakimu kupima kama miaka kumi na mmoja ya kuwanyang'anya wanawake fito inaweza kumfanya mtu amwache mwenzake aende gengeni kuliko kukata tawi la pili. Kazi yake yeye ilikuwa kuandika, na akaandika kama lilivyosemwa. Halafu akauliza la mwisho: Jumapili alasiri, Melkizedeki aliposhuka akipiga kelele kuhusu tawi, yeye alikuwa wapi?

 Aliyejibu ni mchili Manase, uso ameugeuzia migombani.

“Alikuwa barazani pamoja nasi. Kamba ya kumfungia aliileta yeye.”

Hapo Raheli, aliyekuwa amesimama langoni muda wote huo, alivuka ua. Watu wa mchili wakajiandaa kumzuia. Hakumfikia Eliaichi. Alisimama mbele ya Isihaka, akanyoosha mkono.

“Andika barua ya Bwana Inspekta.”

Isihaka aliiandika palepale, maneno machache: tawi limepatikana, aliyelikata amekiri mbele ya mchili, ushahidi unafuata pamoja na mtuhumiwa kesho, Melkizedeki asipandishwe gari moshi. Akaweka sahihi. Mchili naye akaandika jina lake chini, taratibu, kwa herufi kubwa, akasema atatafuta mwanamume mwenye miguu mizuri aipeleke Same, maana ni mbali na jua limeshapinda.

“Hapana,” Raheli akasema. Aliichukua barua, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. “Kumfunga mume wangu mlikuwa wanaume sita, mchili. Kumfungua natosha mwenyewe.”

Akawaaga wote kwa adabu, mmoja mmoja, hata Eliaichi, akashika njia ya kuteremka.